Siku Niliyokuwa Simba wa Darasa la Nne

Nawahadithia haya kwa kuwa tumekaa sisi kwa sisi na aibu yenyewe imeshazeeka kidogo, lakini naomba mtu asicheke mpaka nimalize, maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, na sijui hata niite fedheha au niseme tu kwamba niliponea chupuchupu.

Ilikuwa mwaka ule baada ya mvua za Elnino. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuoni, nafundisha darasa la nne katika shule moja huku Matuga, na nilikuwa nimeshaposwa na kijana aitwaye Hamisi, mfanyakazi wa hoteli huko Diani. Baba yake, Mzee Bakari, alikuwa akikaa jirani na shule, mtu wa heshima zake, mkali, na mimi nikikutana naye njiani nilikuwa nainamisha macho mpaka kidevu kinagusa kifua.

Sasa wanafunzi wangu walikuwa hawawapendi wanyama hata chembe. Waliyemjua ni ndovu tu, anayeshuka kutoka vilima vya Shimba akala mahindi ya wazazi wao, kwa hivyo ukiwauliza tuwafanye nini wanyama wa nyikani darasa zima lajibu kwa sauti moja, "Wauawe!" Nami nilikuwa nimetoka kwenye semina tulikoambiwa mtoto hujifunza kwa kucheza, nimerudi nawaka moto, nikaona dawa ni mchezo. Nyuma ya shule nyasi zilikuwa zimefika kifuani kwa zile mvua. Hapo ndipo pangekuwa mbuga yetu. Watoto wengine wangekuwa palahala (wale swala weusi wa Shimba wenye pembe zilizopinda kwa nyuma), wengine nyati, wengine kwale wa kuchakura chini, kila mmoja aseme anakula nini na anamtegemea nani, kisha wote wafuate nyayo mpaka wamkute simba, na simba mwenyewe awaeleze kwamba siku akitoweka yeye, walao nyasi watazidi, nyasi zitakwisha, na wote watakufa njaa. Simba ni nani? Mimi.

Nikashona magunia, nikatia manyoya ya shingoni kwa makumbi ya nazi na mkia wa kamba, na ndani nikavaa suruali ya kaka yangu (naam, suruali, mimi niliyekuwa sitoki nje bila buibui). Nyayo nilizichonga kwa mpira wa slipa kuukuu nikazigongomea kwenye kipande cha ubao, ukibonyeza chini unapata mguu wa simba. Aliyejua siri hii ni mwalimu mwenzangu tu, Mutua, mtu wa Ukambani, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaleta watoto.

Mpaka hapo sikuwa nimeharibu kitu. Lakini jioni ya kuamkia siku ya mchezo, nilipoanza kupiga nyayo kwenye nyasi, alama hazikushika, nami jicho likaenda kwenye njia ya kisimani, udongo wa mfinyanzi umelowa vizuri, ukibonyeza ubao vidole vyote vinaonekana. Nikasema, hebu nianzie huku. Nikapiga mpaka kisimani, nikakizunguka kisima (kama simba aliyekuja kunywa maji, mnaona nilivyojitia ufundi), nikarudi nazo mpaka kwenye nyasi.

"Madam, hii inakaa simba mwenyewe," alisema Mutua. "Si watu wataogopa?"

"Nani ataogopa mpira wa slipa?" nikamjibu, naye akacheka.

Asubuhi nilipita njia ya barabara kuu, kwa hivyo sikukutana na mtu. Nikajipaka ndevu za mkaa, nikavaa kichwa changu cha gunia, nikalala katikati ya nyasi na debe lililotolewa kitako, la kungurumia. Nisilolijua ni kwamba wanawake walikuwa wamekwenda kisimani alfajiri, wakaona nyayo, wakatupa ndoo wakakimbia, na tangazo lilikuwa limeshapigwa kwenye spika ya msikiti kwamba watoto wafungiwe. Mimi ile spika niliisikia kwa mbali nikadhani ni taarifa ya maziko. Mutua naye (alinieleza baadaye) alikuwa amefungiwa darasani pamoja na watoto na mwalimu mkuu, anapiga kelele dirishani kwamba ni mchezo, na hakuna anayemsikiliza.

Basi nikasikia nyasi zinachakacha, minong'ono, mabati yanagongwa. Nikasema, mashallah, watoto wangu, wamejipanga vizuri hivi! Nikaweka debe mdomoni, nikanguruma kwa nguvu zangu zote.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamume mzima, "Yumo! Yumo humu ndani!"

Nikachungulia. Walikuwa wanaume tu, mapanga na marungu mkononi, na mbele yao Mzee Bakari ameshika uta, mshale umeshavutwa. Sikuwahi kusema neno. Nikasikia kitu kimepita kama upepo, na debe likanitoka mikononi. Nilipoliangalia, mshale ulikuwa umeingia upande huu ukatokea upande wa pili.

Nikaruka nikasimama kwa miguu miwili. "Msinipige! Ni mimi!"

"Linasema!" mtu akapiga ukelele.

"Audhubillahi! Jini!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Ustadhi wa madrasa akaanza kusoma kwa sauti huku anarudi kinyumenyume, wa nyuma wakatimua mbio, mmoja kikoi chake kikabaki mwibani. Mzee Bakari peke yake hakukimbia. Akaweka mshale mwingine. Nami navuta kichwa cha gunia, kimenikwama masikioni, navuta, navuta, kikatoka pamoja na mtandio wangu, nikabaki kichwa wazi, ndevu za mkaa, suruali ya kaka yangu, mbele ya mkwe wangu. Sijui kitu gani kilinijia. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea tu, uta bado umevutwa. Kisha akanikazia macho. "Saumu?"

"Naam, baba."

Akaulegeza uta polepole, akaketi palepale kwenye nyasi. "Mishale hii ina sumu, mwanangu," akasema. "Ina sumu."

Nilikuwa bado sijalia. Hapo ndipo nilipolia.

Nikapitishwa mbele ya kijiji kizima na mkia wangu, wanawake wamejipanga njiani mikono mdomoni, watoto madirishani wanapiga kelele, "Mwalimu ni simba!" na mwalimu mkuu mlangoni anasema neno moja tu, "Ofisini." Nikakaa ofisini na magunia yangu, na kikombe cha chai alichoniletea Mutua kinapoa mezani.

Siku zilizofuata kila mtu alisema posa itarudishwa. Hamisi hakuleta neno. Halafu asubuhi moja nikamwona Mzee Bakari anaukata uwanja, amevaa kanzu na kofia, anaomba kuingia darasa la nne. Nikajua yamekwisha.

Akasimama mbele ya watoto.

"Nilipokuwa mdogo kama nyinyi," akasema, "usiku tukiwasikia simba huku kwetu. Miaka mingi sasa hawapo. Siku ile nilipoziona nyayo pale kisimani, kitu cha kwanza nilichohisi si hofu. Nilifurahi. Nikasema moyoni, wamerudi."

Msichana mmoja wa mbele, Mwanaidi, akainua mkono. "Sasa babu, mbona ulimpiga?"

Mzee akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Darasa zima lilikuwa linamngoja, nami chaki mkononi namngoja pia. Akatikisa kichwa, akaniambia, "Endelea na somo, mwanangu," akatoka.

Na hilo neno "mwanangu" ndilo lililonijulisha kwamba harusi ipo, na ilikuwapo. Lakini mimi tangu siku hiyo nikifundisha simba namchora ubaoni, nyayo nazichora ubaoni, na wakiniomba ningurume nawaambia wangurume wenyewe, tena milango ikiwa wazi na kila mzazi ameshaarifiwa.