Zaituni Alipokuja Kunisuka

Usiku ule nililala nimejikunja chini ya mablanketi mawili, natetemeka, na huku Tanga nzima inalalamikia joto. Kikombe cha methadoni, ile dawa ya kutusaidia kuacha heroini, nilichokunywa kliniki asubuhi kilikuwa kimeniishia mwilini kabla ya alasiri. Miayo, makamasi, mifupa kama inasagwa. Sisi tuliotoka kwenye unga hali hiyo tunaiita arosto, na aliyewahi kuipata hahitaji kuelezwa.

Zamani kikombe kile kilinitosha mpaka kesho yake. Kilichobadilika ni kimoja tu: nilikuwa nimeanzishiwa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Basi kabla sijafumba macho nilikuwa nimeshaamua. Kesho navitupa vile vidonge chooni. Nisipovitupa, najijua, nitarudi maskani kutafuta sindano, na mama yangu, aliyenipokea nyumbani nikiwa mifupa mitupu, hatakuwa na nguvu ya kunipokea tena.

Nesi alinionya mapema kwamba vidonge vile huleta ndoto za ajabu. Ndiyo maana mpaka leo sijui niseme nini juu ya niliyoyaona.

Niliona mchana. Nimekaa uani kwetu, mkekani, na nyuma yangu kuna mtu kakaa kwenye kigoda, kanibana mabega kwa magoti yake, ananisuka. Sikugeuka. Vidole nilivijua. Vilikuwa vya Zaituni.

Zaituni alikuwa msusi, na rafiki yangu tangu enzi za kujidunga. Sindano moja, kijiko kimoja. Tuliacha unga pamoja, tukapanga foleni ya methadoni pamoja. Yeye alianzishiwa vidonge kabla yangu. Akanawiri. Kisha siku moja akaninong'oneza kwamba ameviacha, vinaua nguvu ya methadoni. Akaanza kukonda, akakohoa, halafu hakuonekana tena kwenye foleni. Tulipomwosha, mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Sasa yeye ameshika changu.

"Shoga, huko hakuna arosto?" namuuliza.

Anachana, anagawa, anavuta. Nywele zangu zinazidi kurefuka, zinatambaa mkekani, na kila anapofunga msuko harufu ya kafuri inanijia. Nataka kumwambia inauma, lakini si kichwa kinachouma, ni magoti. Halafu mkeka haupo. Tumesimama kwenye foleni ya kliniki, yeye bado yuko nyuma yangu, bado anasuka, na wote waliotutangulia wana misuko yake. Baadhi yao najua wamekufa. Wengine najua ni wazima, na hao ndio wanaonitisha zaidi.

Dirishani hayupo nesi. Yupo mama. Ananisogezea kikombe, nachungulia, kikavu.

"Mama, mbona hamna kitu?"

"Kwani uliniambia kimepungua?" anasema, wala hana hasira.

Nafungua kinywa nimjibu, vidonge vinamwagika. Vinatoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka, vinagonga sakafu, nami nakinga kwa mikono, sijui niviteme au nivimeze. Nageuka nimwombe Zaituni msaada, ndipo nauona uso wake. Si ule niliouosha. Umejaa, unang'aa mafuta, kama siku zile alipoanza kupona. Lakini ananitazama kama mtu asiye na hakika nani kati yetu amemfuata mwenzake.

"Mimi nilichagua," ananiambia. "Wewe usichague. Kaseme."

Niseme nini? Kwa nani? Naye anaziachia nywele zangu, polepole, kama mtu anayeachia kamba.

"Hadija! Hadija, unaongea na nani?"

Mama alikuwa mlangoni, kanga begani. Kumeshapambazuka. Nilikuwa nimekaa kitako kitandani, nimelowa jasho, viganja nimevikinga mbele. Nikajishika kichwa: nywele timutimu.

"Zaituni alikuwa hapa, mama."

Hakucheka. Alikuja akaketi kando yangu. "Alitaka nini?"

"Kasema nisichague. Kasema nikaseme. Sijui niseme nini."

"Anza na mimi," akasema. "Kila usiku nakusikia unagumia. Nikikuuliza, unaniambia ni malaria."

Nikamweleza yote, mpaka lile la choo.

Asubuhi hiyo alinisindikiza. Dirishani sikunywa kimyakimya kama kawaida yangu. Nilisema: tangu nianze vidonge, kikombe hakinifikishi hata jioni. Nesi akamwita daktari, daktari akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vidonge hivi vinaifanya methadoni iishe upesi mwilini," akasema. "Usiache hata kimoja. Tutakupandishia dozi kidogo kidogo mpaka ikutoshe."

Basi. Ni hayo tu. Nilibaki nimesimama, nusu nataka kucheka, nusu sioni vizuri kwa machozi, na mama kanishika kiwiko.

"Na Zaituni," nikamuuliza nesi, "yule msusi. Aliviacha vidonge kwa sababu hiihii. Naye angepandishiwa?"

Nesi aliacha kumimina. Alimkumbuka; hata yeye alikuwa akisukwa naye.

"Angepandishiwa," akasema. "Siku ileile ambayo angesema."