Herufi M ya Mama Mvua

Saa tatu kamili asubuhi, si dakika mbele wala nyuma, Mama Mvua anakatiza nyasini nyuma ya jengo la Jiografia, daftari kwapani, penseli sikioni. Anafungua kipimamvua cha shaba, anamimina kilichomo kwenye silinda ya kioo, kisha anachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na maji. Magoti yanalalamika. Anayaambia yanyamaze.

"Ukisoma umesimama, unawaongezea watu mvua ambayo haikunyesha," anasema.

Leo maji hayafiki hata mstari wa kwanza. Kioo kimelowa tu. Anaandika tarehe, kisha herufi moja: M.

Herufi hiyo ilitaka kumwaibisha mwaka jana.

Mjane huyu wa watoto watatu amepima mvua ya chuo kikuu kwa miaka ishirini na tisa. Cheo cha msoma mvua hakimo kwenye orodha ya ajira, kwa hiyo analipwa kama mtunza bustani, na majani anafyeka vilevile.

Ukitaka kumwona macho yakimeremeta, muulize habari za ubao. Enzi hizo ulisimama langoni, naye aliandika kipimo cha kila siku kwa chaki. Wahadhiri walikuwa wakibishana chini yake kama jana ilinyesha kweli au walisikia mabati tu.

"Nikitokea, kimya. Mimi niliyeishia shule ya msingi, nanyamazisha maprofesa."

Hata utundu wa wakati ule anaukumbuka kwa mapenzi. Ukurasa mmoja wa kiangazi, kwa mwandiko wake wa mviringo, unasomeka: "Milimita kumi na mbili. Ni soda. Wahuni wa mwaka wa kwanza."

"Marehemu mume wangu alisema ana mume mwenziwe," anacheka. "Mfupi, wa shaba, hasemi neno, na bado nakwenda kwake kila asubuhi."

Kisha ubao ukang'olewa. Vipimo vikaanza kutoka angani, kwa setilaiti, na madaftari yake yakahamishiwa stoo, ndani ya maboksi ya sabuni. Hakuna aliyeyauliza mpaka alipokuja binti mmoja wa shahada ya uzamivu.

Binti alikuwa anaomba ruzuku ndogo ambazo chuo hutoa kwa tafiti za sera ya tabianchi. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema. Kanuni za msaada wa ukame huangalia jumla ya mvua ya msimu. Mbona wakulima wanapoteza mazao hata miaka ambayo jumla inatosha? Alinakili madaftari yote kwenye kompyuta, akapeleka ombi.

Lilirudi na mstari mmoja chini: takwimu zina mapengo zaidi ya elfu moja, msomaji hakuwa makini. Akapewa wiki mbili za kurekebisha, la sivyo asahau.

Binti alikuja bustanini akizungukazunguka maneno. Aliuliza kama Mama alikuwa anaugua sana miaka ile, au labda alikuwa na dharura za nyumbani. Mama Mvua aliweka fyekeo chini.

"Mwanangu, nani kakwambia sikuja kazini?"

"Kompyuta, Mama. Kila penye M inasoma 'missing' ya Kiingereza, kwamba kipimo kimekosekana."

"Basi kompyuta yako haijawahi kulowa. M ni manyunyu. Imenyesha, imekulowesha kope, ila kwenye kioo haipimiki. Ningeandika sifuri, ningekuwa mwongo."

Mapengo ya kweli, alimwambia, ni manne. Siku mbili alijifungua kitinda mimba, moja alimzika mumewe, na moja nyuki walihamia kwenye kipimamvua. "Hao nyuki sikugombana nao."

Wawili hao walikaa siku tatu kwenye sakafu ya stoo wakihesabu upya. Jumla ya mvua kwa mwaka haikuwa imebadilika sana. Kilichobadilika ni zile M. Miaka kumi ya mwanzo zilikuwa kama sitini kwa mwaka; miaka kumi ya mwisho, kumi na saba. Mvua sasa inakuja kwa kishindo na kuondoka, na yale manyunyu yaliyokuwa yakiulea mche kati ya mvua moja na nyingine yameondoka bila kuaga.

Mama Mvua alipitisha kidole juu ya zile M, moja baada ya nyingine.

"Asubuhi zile nilikuwa nafika hapa kilemba kimelowa na sijui kimelowa saa ngapi," anasema sasa. "Nilidhani ni uzee. Mtu mzima huona kila kitu cha zamani kilikuwa kingi. Kumbe nilikuwa naandika."

Kamati ya ruzuku, watu watatu, ilimwita ajieleze. Hakujieleza. Alitia vidole kwenye glasi ya maji, akavikung'utia ndani ya silinda yake, akampa kila mmoja asome. Wa kwanza akasema sifuri. Wa pili akasema nusu milimita. Wa tatu akaomba miwani.

"Nyinyi watatu mna kioo kimoja na hamkubaliani," aliwaambia. "Mimi nilikuwa peke yangu miaka ishirini na tisa, nikaona bora niandike nilichokiona."

Ruzuku ikatoka. Ripoti itasomwa mbele ya watunga sera miezi mitatu ijayo, muda mfupi kabla hajastaafu, na binti ameomba waketi pamoja. Mama Mvua amekubali, kwa sharti moja ambalo amelirudia mpaka binti analijua kwa moyo.

"Nataka neno manyunyu liingie kwenye hiyo sera," anasema. "Na waliandike lote, herufi zote nane. Kufupisha nimeshawafupishia vya kutosha."