Nyota ya Shashi na Nyuki wa Noeli

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake, na aliyeinusa utotoni haisahau. Ikiwa moto hunukia kama uji ulioanza kushika chini ya sufuria. Ikilala siku mbili huingia uchachu, na vidole vya mtoto aliyeichezea hukakamaa hadi akavisugue kwa mchanga. Mimi niliinusa mara ya kwanza Ipuli, mjini Tabora, mvua za Novemba zilipokuwa zinaanza, katika chumba cha chekechea kilichoegemea ukuta wa kanisa. Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimeletwa kwa treni kutoka Bukene nikae na shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Nilikuja na gauni moja la kanisani, ndala zilizonizidi, na Kiswahili cha kusalimia tu.

Kwetu Bukene tulisema Kinyamwezi tangu jogoo hadi kulala. Kiswahili kilikuwa cha redio na cha wageni wenye mafaili kwapani. Tabora mjini mambo ni mengine. Watu wa pale wamekisema Kiswahili tangu siku za misafara, wapagazi wa kila kabila walipokuwa wakitua mizigo yao na kutafuta lugha moja ya kuombea maji, na mpaka leo hata muuza karanga wa mtaa wa Isevya hupanga maneno yake kama anayesoma barua. Siku yangu ya kwanza darasani nilijaribu kujibu swali, maneno yakanipiga chenga, wenzangu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, sasa naelewa. Lakini mimi nilikuwa na kichwa kigumu, nikaamua kwamba basi, sisemi tena. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Shangazi alinibembeleza kwa karanga za kukaanga na kwa hadithi, nami nilitikisa kichwa tu kama kinyonga.

Habari zikafika Bukene. Baba akatuma neno kwamba atakuja Noeli kututazama, na akinikuta bado sisemi ataondoka na mimi, maana mche ukinyauka ulikohamishiwa hurudishwa kwenye udongo wake. Shangazi aliniambia hayo akiwa ananisuka, na mkono wake ukasita katikati ya msuko. "Kabula, mwanangu," alisema, "mimi sina uwezo wa kumkatalia baba yako. Wewe unao." Nilitaka kubaki, tena nilitaka sana kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilimpenda shangazi, ndiyo, lakini nisijitie wema: kilichonishika zaidi kilikuwa karatasi.

Mwalimu Tekla, aliyetufundisha, alikuwa na sanduku la bati lililojaa karatasi za shashi, zile laini zinazopitisha mwanga, nyekundu, njano, kijani, na moja ya zambarau ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila msimu alikuwa na kazi yake. Kumbikumbi walipotoka baada ya mvua ya kwanza, tulikata mabawa meupe, manne manne, tukayabandika kwenye njiti za fagio, tukakimbia nayo uani hadi yakachanika. Maembe yalipoiva tulifinyanga maembe ya shashi ya njano, tukayapaka shavu moja jekundu kwa kulowesha karatasi nyekundu na kuisugua, maana rangi yake ilitoka kwa maji kama damu ya pua. Maua alitufundisha hivi: unaweka karatasi tano moja juu ya nyingine, unazikunja mbele na nyuma kama upepeo, unafunga uzi katikati, halafu unavuta karatasi moja moja bila haraka. Mwenye pupa alibaki na vipande mkononi. Katika kazi ile hakuna aliyehitaji kusema, na vidole vyangu, vilivyozoea kuchambua pamba, vilikuwa vyepesi kuliko vya watoto wa mjini. Kwa mara ya kwanza walikuja kwangu kutazama.

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, Mwalimu Tekla alikata nyota kubwa ya boksi, akaitenganisha ncha tano, akachagua watoto watano. Kila mmoja apeleke ncha yake nyumbani, aifunike yote kwa vidonge vya shashi vilivyovingirishwa kwa kidole, kila kidonge kikubwa kama punje ya choroko, kisha ncha ziunganishwe na nyota isimame mbele ya kanisa. Ncha ya tano akanipa mimi. Nilipewa gundi yangu katika kopo, nikaenda nayo nyumbani kwa mikono miwili. Haba na haba hujaza kibaba. Nilivingirisha jioni tatu mfululizo chini ya dirisha, shangazi akinipisha hata nisioshe vyombo. Siku moja kabla ya Noeli nilikuwa nimebakiza nusu, nikafungua kopo nikakuta gundi imekauka na kupasuka.

Mtu mwingine angekwenda kwa jirani kuomba unga kidogo. Lakini kuomba kulitaka maneno, na maneno nilikuwa nimeyafungia. Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Nilizunguka jikoni nikaona chupa ya asali, asali nyeusi nzito ya misitu ya miombo ambayo baba mwenyewe aliivuna kwenye mizinga yake na kuipeleka kwa dada yake. Nani aliyekulia kwetu asiyejua jinsi asali inavyonasa? Nilichovya, nikabandika, kikashika. Nilimaliza ncha yangu kabla shangazi hajarudi, na niseme ukweli, Mwalimu alipoziunganisha ncha jioni ile, yangu iling'aa kuliko zote. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, ila nilichozaa mtakisikia.

Asubuhi ya Noeli jua lilitoka kali baada ya mvua ya usiku, madirisha ya kanisa yakafunguliwa yote. Baba alikuwa amefika kwa treni alfajiri, koti lake la kijivu limekunjika mgongoni. Nilimpigia magoti, shikamoo ikatoka kwa kunong'ona, akaitika marahaba na kumtazama shangazi. Shangazi akatazama pembeni. Tulikaa benchi la tatu. Nyota ilisimama kwenye meza mbele, na wimbo wa pili ulipoanza nilimwona nyuki wa kwanza. Akaja wa pili. Mahubiri yalipofika katikati, ncha moja ya nyota, moja tu, ilikuwa imevaa nyuki kama shali, na watoto wa kwaya walikuwa wameanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Mama mmoja akajifunika kitenge kichwani. Mhubiri akakatiza mahubiri.

Baba akasimama. Mtu wa mizinga hakimbii nyuki. Alikwenda mbele taratibu, akainyanyua nyota kwa viganja, akapita nayo katikati ya kanisa, nyuki wakimtembea mikononi, akaiweka nje juu ya jiwe. Tulimfuata watoto wote na nusu ya wakubwa. Alichovya kidole, akaonja, akaijua asali yake. Akageuka akaniangalia mimi, akauliza kwa Kinyamwezi, polepole, kama anayemfungulia mtoto mlango: nani ameweka asali hapa? Angeweza kunionea huruma akaishia hapo. Ningeweza kujibu kwa Kinyamwezi, au nikanyamaza, kwa kuwa kunyamaza nilikuwa nimekuzoea. Nikamwona shangazi amesimama nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi, Baba," nilisema kwa Kiswahili, na kila mtu akasikia. "Gundi ilikauka. Niliogopa kuomba nyingine. Naomba radhi kwa Mwalimu na kwa kanisa."

Walicheka tena, lakini safari hii na mimi nilicheka. Mwalimu Tekla alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka. Aliniangalia kwa muda, akapangusa kidole chake kwenye koti, akamwambia shangazi, "Dada, huyu abaki." Akaondoka siku ya pili kwa treni, peke yake, nami nikampungia mkono nikiwa nimejaa furaha mpaka kooni.

Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, na ninaishi hapo hapo Ipuli. Karatasi za shashi zinauzwa dukani zimekatwa tayari, gundi iko kwenye kichupa chenye mfuniko, na watoto wangu hutengeneza nyota kwa robo saa wakiwa wanaongea bila kupumua. Siwaonei wivu, mambo yao ni mazuri. Ila Noeli iliyopita mwanangu mdogo alimpa babu yake ua la shashi alilolikunja mwenyewe, na mzee, ambaye kwa umri huu Kiswahili kinamchosha, akalipokea kwa mikono miwili akasema, "Wabeja." Mtoto akanigeukia nimtafsirie, nikamwambia ni asante. Nilipotafuta neno la pili la Kinyamwezi la kumfundisha, sikulipata mdomoni. Siku ile mbele ya kanisa nilidhani baba ananitazama kwa fahari tu. Kumbe alikuwa pia ananiaga.

Tangu hapo, kila Jumamosi tunakata karatasi mezani, na sharti ni moja: hapa hatusemi Kiswahili. Watoto wanajua maneno kama ishirini, mimi nayajua zaidi lakini yananikimbia, kwa hiyo dakika nyingi hakisikiki kitu ila mkasi. Simu iko katikati ya vipande, spika imewashwa, na Bukene baba yuko kwenye kiti chake anatusikiliza. Yeye hatuhimizi, wala hajatuwekea siku kama alivyoniwekea mimi Noeli ile.