Rangi Huamuliwa Nje

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilifika nimevaa shati jeupe. Fundi Mkuu, bwana mfupi mwenye suruali iliyokwisha kusahau rangi yake ya dukani, alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuposa. Kufikia mchana shati lilikuwa na wino mgongoni, na mpaka leo sijui ulifikaje huko. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika uchapaji, hapahapa Lushoto, na sikutoka mpaka umri wa kustaafu uliponitoa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na karatasi ikatoka. Mimi nilianzia chumba cha herufi. Tulipanga maneno kwa herufi za risasi, moja baada ya nyingine, tena kinyume, ili zikigusa karatasi zisomeke sawa. Ukurasa ukishapangwa tulitoa prufu, yaani karatasi ya majaribio ya kusakia makosa. Siku moja nilipewa prufu ya hadithi, nikanogewa, nikacheka kwa sauti. Fundi Mkuu akaja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kinachekesha nini?"

"Huyu bwana kaoa mke wa pili, na wa kwanza ndiye aliyepika pilau la harusi bila kujua."

"Mchapaji hasomi, mgosi. Mchapaji anakagua. Ukisoma, utamu unakupitisha juu ya kosa."

Na kweli, chini ya lile pilau palikuwa na herufi iliyosimama kichwa chini, nami sikuiona. Tangu hapo nikaacha kusoma. Vitabu vilipita mikononi mwangu kama maplamu sokoni msimu wake, nami sikujua hata kimoja kilikwishaje.

Baadaye nikahamishiwa chumba cha mashine, na huko ndiko nilikopata mapenzi yangu: rangi. Picha ya rangi haichapwi mara moja. Karatasi ileile hupita kwenye manjano, ikarudi kwenye nyekundu, kisha buluu, mwisho nyeusi, na kila rangi ni vidoti vidogo vinavyotakiwa kukaa mahali pake. Vikisogea kidogo tu, bibi harusi anapata midomo miwili.

Mkuu wa Mashine alikuwa na amri moja asiyoivunja kwa yeyote. Nje ya mlango palikuwa na jiwe bapa. Karatasi ya kwanza ya rangi ilitandikwa pale, chini ya mbingu, ndipo iamuliwe. "Taa ni shahidi wa uongo," alisema. "Rangi huamuliwa nje." Sasa ninyi mnaujua ukungu wetu. Ukishuka kutoka mlima wa Magamba unaweza kukaa mpaka mchana, na sisi tukakaa nao, mashine kimya, tunakunywa chai. Mfanyabiashara mmoja kutoka Magoma alifuata kalenda za duka lake akakuta mafundi wazima wamekaa kwenye benchi wanatazama juu.

"Mnasubiri nini?" akauliza.

"Jua, mzee," tukamjibu.

Akadhani tunamtania. Kule kwao chini jua halisubiriwi, linakimbiwa.

Nikapelekwa pia upande wa Amani, kwenye tawi dogo lililochapa karatasi za paketi za chai. Kule nilifanya kazi na watu waliotoka kila pembe ya nchi, Mnyakyusa, Mbena, Muha, kila mmoja na imani yake, wote tukibishana kuhusu kijani. Huko ndiko nilikochapa picha ya lile ua la zambarau la milima yetu hii, dogo, linalojificha kwenye miamba yenye unyevu. Meneja aliikataa, akaikataa tena. "Hiyo ni zambarau ya kitambaa," alisema. "Nataka ya ua." Nilipoipata hatimaye, nilifurahi kuliko siku ya posho.

Niliporudi Lushoto nilimkuta msichana mpya chumba cha kushonea vitabu, anayevuta uzi kwa meno na kucheka huku ameubana. Leo ndiye mke wangu, Mama Salma. Nilipostaafu, kiwanda kilihamia jengo jingine, na wenzangu wakaniletea zawadi kwa toroli: lile jiwe. Liko mlangoni kwangu. Mama Salma huanikia maharage juu yake.

Kustaafu kulinipa kitu nilichonyimwa kazini. Nilisoma. Kila alasiri nilikaa barazani nikamsomea mke wangu, yeye akishona, na mimi kwa mara ya kwanza nikajua vitabu huishaje. Halafu macho yakaanza kunigeuka. Miwani ikabadilishwa, ikabadilishwa tena, herufi zikazidi kuwa sisimizi. Tuliacha riwaya katikati, palepale Mwajabu, mwenye hoteli ya stesheni, alipokuwa ameposwa na mkuu wa stesheni na hajajibu. Nilimwambia Salma, binti yetu, amsomee mama yake. Mama Salma akakataa. Hadithi bila sauti yangu, alisema, ni mchuzi bila chumvi. Niseme wazi, iliniuma sana. Sauti ninayo, macho sina.

Mwezi wa saba uliopita Salma alikuja kutoka Tanga na kishikwambi cha kusomea vitabu. Si simu, alieleza, hakimuliki machoni, kinafanana na karatasi, na hiki ni kipya, kina rangi. Riwaya ya mama yake aliitafuta mpaka akaipata, akaitia humo.

"Usipokipenda, Baba, sema. Jumapili nakirudisha dukani, watakipokea."

Kwanza nikakinusa. Hakina harufu, na kitabu kisicho na harufu kwangu ni chai isiyo na tangawizi. Nikalamba kidole nifungue ukurasa. Mama Salma akacheka mpaka akaangusha sindano. Ukurasa ukipita kinapepesa, cheusi, cheupe, kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni. Lakini herufi! Salma alizikuza mpaka zikawa kama za bango la mnada, nyeusi iliyotulia, kama wino uliokauka vizuri. Moyo wangu uliruka.

Ndipo nikadai rangi. Salma akafungua kitabu cha mimea, na mbele yangu likatokea ua letu la zambarau. Lilikuwa kijivu kama limefuliwa kwa magadi.

"Wino wa nyekundu umewaishia," nikasema.

"Baba, hamna wino humo."

"Ndiyo maana."

Nikakirudisha kwenye boksi lake. Mtu aliyezeeka akikataa kazi mbovu hawezi kuikaribisha sebuleni kwake, nikatangaza. Mama Salma aliuliza tu, taratibu, "Kwa hiyo Mwajabu haolewi?" Nililala nimenuna, nikijinunia mwenyewe.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umefunga hata banda la ng'ombe halionekani. Salma akafunga begi. Mama Salma akamwambia, "Mwanangu, usiondoke kwanza. Kunywa chai." Alipoona kweupe kunaanza upande wa Kwai, akatoka, akayazoa maharage yake kwenye ungo, akapangusa jiwe kwa kanga, akakitoa kile kishikwambi boksini, akakiweka juu yake kingali na lile ua.

"Baba Salma, tangu lini unahukumu rangi ndani ya nyumba?"

Jua likatoka. Nikainama, na kioo changu cha kukuzia mkononi. Jamani! Lile ua lilikuwa limeamka. Si kama letu la Amani, hapana, sitawadanganya. Rangi yake bado ni ya mtu anayepata nafuu. Lakini zambarau ilikuwa zambarau ya ua, si ya kitambaa. Na ndani ya kioo niliona vidoti, vidogo, vimejipanga mistari, kila kimoja mahali pake. Nilicheka peke yangu kama siku ile ya pilau.

"Haya," nikamwambia Salma, "fungua begi, acha chaja."

Nikaletewa kiti palepale mlangoni. Nikatafuta mahali tulipomwacha Mwajabu, nikaanza kusogeza kurasa, nikitazama pambizo, nafasi kati ya mistari, mahali neno lilipokatwa vibaya.

"Hapa wamekosea kukata neno," nikasema. "Na huku pambizo ni nyembamba..."

Mama Salma alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, uzi umebanwa menoni. Akautoa.

"Mume wangu, kukagua umeshastaafu," akasema. "Soma."