Kaniki ya Mkwe na Nyumba ya Ngazi Moja

Kama kuna mtu hapa amewahi kusimama katikati ya soko la Dodoma, jua la mchana linawaka, amejifunga kiunoni kaniki ya mama mkwe wake, basi anyooshe mkono aje tukae pamoja, maana mimi aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu. Hayupo? Nilijua. Haya, sikilizeni, na mnaotaka kucheka mcheke polepole, mke wangu asije akasikia akaanza kuongeza yale ninayoyaruka.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, reli imeshafika na mji unaota kila upande. Mimi ni fundi cherehani. Baba yangu alikuja huku na misafara ya pwani asirudi tena (yeye alisema aliipenda nchi, mama alisema ni miguu iliyovimba), nami nikazaliwa na kukulia kwenye tembe kama watu wote, nyumba ya chini ya udongo, paa bapa, ukiinuka vibaya unagonga kichwa, na ng'ombe wa jirani wanakohoa uani usiku kucha. Sasa Mhindi mmoja mwenye duka akajenga nyumba za ghorofa karibu na soko, zimebanana ukuta kwa ukuta, kila moja ina chumba cha duka chini, vyumba viwili juu, na roshani ya mbao inayotazama barabarani. Nikapanga moja. Wallahi wiki ile ya kwanza nilitembea mjini nimeinua shingo kama twiga.

Na ghorofa ina raha zake, tusidanganyane. Juu kuna upepo. Vumbi letu mnalijua, lakini wewe uliye juu linakufikia limeshachoka. Unaanika nguo na hakuna mbuzi wa kuitafuna, na ukikaa roshanini unaona moshi wa treni kabla mtu mwingine yeyote hajaisikia, kiasi kwamba watu wa sokoni walikuwa wakiniuliza, "Fundi, inakuja?" nami najibu taratibu kana kwamba treni ni yangu. Ambacho sikuwaambia ni kwamba kila tone la maji lilipanda juu kwa kichwa cha mke wangu, kwamba choo kilikuwa chini uani, kwamba jirani akipiga chafya ilibidi umwombee afya kupitia ukutani, na kwamba ngazi ilikuwa moja tu, nyembamba, inaanzia dukani kwangu, ubavuni mwa cherehani. Hiyo ngazi msiisahau.

Mke wangu Tausi (hilo ni jina lake la mjini, jina la kwao mama yake hulitumia akikasirika) ni Mgogo wa Chamwino. Alikuwa mjamzito, mwezi wake umekaribia. Mimba ya kabla ya hiyo ilikuwa imeharibika tukiwa hapa hapa mjini, na tangu hapo mama yake hakuuamini mji, wala sidhani kama aliniamini mimi. Akatuma neno kwamba anakuja kuiangalia nyumba. Ikimpendeza, atakaa na binti yake mpaka ajifungue. Isipompendeza, anaondoka naye. Sasa ninyi mnajua, mwanamke akienda kujifungulia kwao, kwenye maziwa na dada zake, baada ya huzuni ile aliyoipata kwako, kurudi ni majaliwa. Mimi nilimpenda Tausi, na bado nampenda, na niliogopa.

Tausi akaniambia maneno ya busara kabisa. Akasema mama afikie Miyuji, pembeni mwa mji, kwa shangazi yake, kwenye tembe, aje kututembelea mchana. Nami, kwa kichwa hiki hiki mnachokiona, nikasema, "Mama mkwe wa fundi wa ghorofa alale kwenye tembe? Watu watasemaje?" Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Maana kwa kina Tausi, mkwe haangaliwi. Humtazami usoni, humsemeshi, nguo yake huigusi, na mkikutana njiani wewe mwanamume unaingia porini mpaka apite. Kwenye tembe hilo ni jambo jepesi, kila chumba na mlango wake. Kwenye ghorofa, jamani! Nikimlaza mkwe chini, nitakuwa natembea juu ya kichwa chake, na hilo hata mimi wa pwani nusu niliona ni laana. Basi alale juu. Na akilala juu, mimi siwezi kupanda. Kwa hiyo siku aliyofika nilijificha kwenye duka la jirani mpaka akapandishwa, halafu nikarudi kuanza maisha mapya chini ya meza ya kukatia nguo, mwenye nyumba wa ghorofa nisiye na ghorofa.

Na choo je? Choo kiko chini. Tausi akatengeneza utaratibu: mama akitaka kushuka, yeye anagonga sakafu kwa mchi, nami natoka mbio barabarani. Mama huyu alikuwa mpenda uji. Mchi ukawa haupumziki. Nilitoka mbio nikiwa na mkasi mkononi, nilitoka mbio nikiwa nimemshika mteja kwa uzi wa kupimia tukajikuta wote wawili nje, na siku ya tatu wauza mtama walikuwa wakiusikia mchi kabla yangu, wananiita, "Fundi, toka, unaitwa na ghorofa!" Nikawa nacheka nao. Unafanyaje?

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa na bwana mkubwa mpya anakuja boma, anashuka kwa treni ya mchana, na askari wote wanatakiwa stesheni wamenyooka. Shaushi wao, yaani sajini, alikuwa ameniletea suruali yake ya kaki niipanue kiunoni (tumbo lake lilikuwa limepandishwa cheo kabla yake). Nimeipanua, imefuliwa, na Tausi ameianika juu roshanini. Kisha Tausi akatoka kwenda kutafuta maziwa, akaniambia mama amelala. Hajapotea hata dakika chache, Shaushi huyu hapa mlangoni, amevaa koti la gwaride na vifungo vinang'aa, na chini ana shuka.

"Fundi, suruali yangu."

Nikamwambia iko juu, inakauka. Akasema basi panda uichukue. Nikamweleza habari ya mkwe. Alikuwa Mnyamwezi, mambo ya wakwe anayajua, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, halafu akasema, "Pole sana. Lakini treni ikipiga honi sijavaa, mimi nitakula viboko hamsa ishirini vya bwana mkubwa. Na nikitoka hapo, nitakuletea wewe vyako."

Mtaniuliza kwa nini sikumtuma mtu. Mwanamume nisingeweza kumpandisha alikolala mkwe wangu. Nikamwomba mama muuza karanga wa jirani. Akaitazama ngazi, akayatazama magoti yake, akasema hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko punda na hataanza uzeeni. Kuita kwa sauti siwezi, mkwe hasemeshwi. Nikasimama pale natokwa jasho, na huko mbali nikasikia watu wanaanza kuelekea stesheni.

Basi nikapata akili (mimi nikipata akili, kimbieni). Suruali iko roshanini, nje, si chumbani. Nikipanda kwa nje sijapanda ngazi, sijaingia kwake. Na ili nisije nikamwona kwa bahati mbaya, nikajizungushia kipande cha merekani kichwani na usoni, nikafunga fundo nyuma ya shingo. Suruali ina miguu miwili, nikajiambia, hata kipofu ataijua kwa mkono. Nikapanga makasha ya duka la jirani moja juu ya jingine, nikakumbatia nguzo ya roshani, nikapanda.

Ninyi hebu fikirieni mngekuwa mnatoka sokoni kwenda kumtazama bwana mkubwa, mnamwona mtu amejifunika uso anaingia ghorofani kwa mtu kwa roshani, mchana kweupe. Mngesema nini? Ndivyo walivyosema.

"Mwizi!"

Nikasikia miguu inakuja kwa wingi. Mimi niko juu, sioni kitu, napapasa kamba. Nikashika nguo ya kwanza niliyoigusa, miguu yake sikuihesabu, nikarudi kwenye nguzo kwa pupa, na kikoi changu kikanasa kwenye msumari. Nikavuta. Kikavuta. Mimi nikaenda chini na kikoi kikabaki juu, kinapepea kama bendera ya boma. Na ndani ya kikoi, wenzangu, fundi hakuwa na kitu kingine. Ndivyo ilivyo, mwashi hulala kwenye nyumba inayovuja.

Nilichokuwa nacho ni ile nguo mkononi. Nikajifunga haraka. Papo hapo mtu mmoja akaninyofoa kile kitambaa usoni ili watu wamjue mwizi wao, nami nikafumbua macho. Soko zima limenizunguka. Shaushi yupo mbele na shuka lake. Nikatazama chini kiunoni, nikaona weusi. Suruali ya kaki haina weusi. Ilikuwa kaniki, na nyumba yetu ilikuwa na kaniki moja tu.

Watu walicheka, halafu waliokuwa Wagogo wakaacha kucheka. Hao ndio walionitisha. Nikamwona Tausi amesimama nyuma yao na kibuyu chake cha maziwa, amejishika tumbo, na sikujua kama analia au anacheka, nikajua kwamba hapa sasa nimempoteza. Viboko sikuvikumbuka tena. Nilifikiria tu njia ya Chamwino na yeye akiwa juu yake, anakwenda, mgongo amenielekezea.

Ndipo roshani ikalia, kwa sababu mbao zile mtu akikanyaga zinalia. Nikainamisha kichwa haraka. Walionieleza baadaye wanasema alitoka amejifunga kitambaa kingine, akawapa mgongo watu wote, akausogelea ukingo kinyumenyume, akaweka mkono kwenye ile nguzo niliyoipanda. Na akaanza kusema nayo, kwa Kigogo, taratibu, kama mtu aliyekuja kumjulia hali jirani.

"Mbukwa, nguzo," akaisalimia. Hata mama wa karanga aliacha kutafuna. "Mwambie mwenye nyumba kwamba suruali ya watu niliianua mimi, upepo ulikuwa unaitupatupa. Mwambie nilikuwa macho. Nimemwona."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lakini nimemwona amejifunika uso," akaendelea. "Alikuwa anaitwa mwizi naye hakujifunua. Mwambie nimepata wakwe wanne, na hakuna aliyewahi kuniheshimu mpaka akaanguka. Binti yangu namwacha. Nyumba hii ndiyo siitaki."

Halafu akaitupa suruali ya Shaushi kwa juu ya bega bila kugeuka. Shaushi akaidaka, akaingia nyuma ya cherehani yangu, akatoka amevaa, na honi ya treni ikalia hapo hapo. Alinipita mbio, akasema tu, "Kiuno kimekaa vizuri," na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi na yeye kuzungumza habari ya viboko.

Tausi alikuwa anacheka. Alikaa kwenye kasha, machozi yanamtoka, anacheka mpaka nikaogopa atajifungua pale pale mbele ya wauza mtama. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ile mimba iharibike. Nami nikalia kidogo (hilo ndilo yeye huongeza nikiliruka, basi nimelisema mwenyewe).

Jioni ile ile tulihamia Miyuji kwa shangazi, kwenye tembe, nikainama mlangoni kama Mungu alivyokusudia. Mama alibaki. Mtoto alizaliwa huko, wa kike, na sauti yake usingehitaji ghorofa kuisikia. Ile kaniki ilikuwa bado inatusumbua: yeye hawezi kuivaa tena kwa kuwa imegusa kiuno cha mkwe, na mimi sina haki nayo hata kidogo, imekunjwa tu pembeni kila mtu anaizunguka. Siku ya kumtoa mtoto nje, mama aliisemesha nguzo ya mlango wa shangazi, akasema nguo isiyo ya mkwe wala ya mama mkwe ni ya mjukuu, abebewe hiyo. Ndiyo ikawa mbeleko. Tausi alipita nayo sokoni, na kila mtu aliyeitazama aliijua.

Duka nililibakiza, ila huko juu nilimwachia yule Mhindi ampangishe mwingine, kijana wa stesheni asiye na mke, hivyo asiye na mkwe. Simkatazi mtu ghorofa. Upepo ule bado naukumbuka nikiwa na jasho. Lakini nimeapa, nyumba yenye ngazi moja mimi na ukoo wangu basi, na kila jioni nguo zangu zote nalala nazo nilipo.

Na ile nguzo ya roshani bado ipo. Asubuhi nikija kufungua duka naigusa, nasema, "Mbukwa." Wapita njia huniona nimechanganyikiwa. Waache. Wao hawajui kwamba ndiyo iliyoambiwa niachiwe mke.