Mlinzi wa Lango la Chekechea

Kila mchana, wazazi wanapokuja kuchukua watoto, mlinzi wa chekechea husema yale yale: "Mama, mpandishie upande wa ukuta, si wa barabarani." Naye hujibiwa yale yale: "Dakika moja tu, mzee." Basi husimama nyuma ya mlango wa gari ulioachwa wazi upande wa barabara, akayapa magari yanayopita mgongo, kiganja juu ya kichwa cha mtoto asijigonge.

Jana kioo cha pembeni cha gari lililopita kasi kilimchubua kiwiko. Mama aliyekuwa akimfunga mwanawe mkanda alimwambia tu, "Mzee, usiegemee gari, limetoka kuoshwa."

Leo anamkinga mtoto mwingine, kiwiko kimefungwa kitambaa. Nyuma yake honi inalia bila huruma. Anageuka, ni mama yule yule wa jana.

"Mzee, toka barabarani, tuna haraka!"

"Dakika moja tu, mama," anajibu, wala hasogei.