Saa ya Hedimasta Siku ya Ijumaa

Hedimasta wetu alikuwa na saa moja ya mkono na majivuno ya mtu mwenye kumi. Kila asubuhi paredi ilisimama juani tukimngoja aitie ufunguo. Anazungusha kile kifundo cha pembeni polepole, anaipeleka sikioni, anatikisa kichwa. Ikilia, basi ni nzima! Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya saa. Halafu anafungua kitabu cha wachelewaji na kutoa kalamu nyekundu.

Ilikuwa miaka ya sabini, shule ya vumbi huko nyuma ya Kathonzweni. Nilikuwa mwalimu ambaye hajasomea ualimu, na ili niende chuo nilihitaji barua yenye sahihi yake. Naye alishatangaza kwamba mwenye alama kumi nyekundu asahau barua. Mwaka uliotangulia mwalimu mmoja mzee alikuwa amefukuzwa kwa kitabu hichohicho. Aliomba msamaha mbele ya komiti ya shule, akasema miguu yake imezeeka. Nami nilimcheka, nikasema si aamke mapema.

Muhula huo nikajikuta nina alama tisa, zote za Ijumaa.

"Ijumaa akili yenu iko sokoni, nyinyi wanawake," aliniambia mbele ya watoto wa darasa la pili.

Soko! Mimi sokoni nilikwenda jioni kununua chumvi, kama mke wake. Lakini nilishikwa na hofu, nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikaamka jogoo akiwa bado amelala.

Ndipo nikaitoa sandukuni saa ya marehemu baba. Baba alikuwa mtu wa reli pale Makindu, na alikuwa akisema saa haipimwi kwa sikio. Unaitia ufunguo wakati uleule kila siku, huigusi mishale, unailinganisha na redio, unaandika. Hoteli iliyoelekeana na shule ilikuwa na redio, na saa saba mchana ile milio ya kutangaza saa ilisikika mpaka barabarani. Wiki nzima nilisimama pale na kikombe cha chai na daftari. Saa ya baba ilichelewa dakika moja tu kwa wiki nzima. Nikaiamini.

Wiki iliyofuata nikawa najisogeza karibu na hedimasta paredini, jicho kwenye mkono wake. Jumatatu saa yake ilikuwa mbele dakika tatu. Jumatano, kumi na moja. Ijumaa, kwa saa ya baba, nilifika dakika kumi kabla ya saa moja na nusu, wakati wa kuripoti, na yule bwana akaniandika nimechelewa dakika tisa. Hiyo ikawa ya kumi.

Aiya! Nilikaribia kucheka, ila machozi yalitangulia. Kumbe saa yake ilikimbia dakika nne kila siku, naye aliirekebisha Jumapili tu. Betri za redio yake alizianika juani wiki nzima zipate nguvu, akaziweka kwa ajili ya ibada na habari za Jumapili. Kwa hiyo Jumatatu tulikuwa wafanyakazi wazuri, na kufika Ijumaa tumekuwa wavivu. Miaka yote hiyo hakujiuliza hata siku moja kwa nini hakuna aliyechelewa Jumatatu.

Komiti ilikaa siku hiyohiyo saa sita mchana kuamua juu ya barua yangu. Mwenyekiti, mzee wa kanisa, aliingia kwa wakati akakemewa na hedimasta kwamba amechelewa dakika ishirini. Akaketi, uso umekunjamana. Zamu yangu ilipofika, niliomba redio ya hoteli iletwe mezani. Milio ya saa saba ikapigwa. Saa ya hedimasta ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

"Redio za siku hizi haziaminiki," alisema bila haya. Mwanamume mzima, mwalimu wa hesabu!

Mwenyekiti akaichukua ile saa, naye akaipeleka sikioni. Kisha akaiweka mezani.

"Inalia vizuri," alisema. "Lakini mimi sikuchelewa, hedimasta. Na huyu binti hakuchelewa. Andika barua."

Akaandika, kalamu ikikwaruza karatasi kwa hasira. Nami nikavuta kile kitabu cha wachelewaji nikayafunua majani kurudi nyuma, nikitaka tu kuzitazama alama zangu kumi kwa dharau. Nikapitiliza nikafika mwaka uliotangulia. Jina la yule mwalimu mzee lilijaza kurasa mbili. Ijumaa. Ijumaa. Alhamisi moja. Ijumaa.

Mwenyekiti alininyooshea barua, nikaipokea. Wino ulikuwa haujakauka.

"Kuna lingine, mwalimu?" akauliza.

Hedimasta alikuwa akinitazama, na chuo kilikuwa mkononi mwangu. Nikakifunga kitabu.

"Hakuna, mzee," nikasema.